Kutangaza biashara ya bustani za ndege na vipepeo kwa saa moja kwa wiki

Ukishinda juani unapalilia na kubeba mboji, jioni huna nguvu ya kuposti. Ushauri wa "weka video kila siku" waachie wanaouza wakiwa wamekaa. Hapa naandikia mtu mwenye saa moja kwa wiki ya kutafuta wateja, anayefanya bustani za aina yetu: mimea ya asili, hakuna sumu, na viumbe wana pa kujificha. Bustani hizi zina tatizo ambalo za kawaida hazina. Mtu akiiona anaipenda, halafu anawaza mbu, nyoka na majirani watakaosema amezembea. Karibu nguvu zako zote za matangazo ziende kwenye hofu hiyo.

Hatua ya 1: Sema unachouza kwa maneno ya mteja

Hakuna anayekupigia simu akitafuta bayoanuwai. Anataka ndege nje ya dirisha la jikoni, watoto waone vipepeo, na nyasi zisimtese kila wiki. Andika sentensi moja na uitumie kila mahali: "Natengeneza na kutunza bustani zinazovutia ndege na vipepeo, bila dawa za sumu." Chini yake weka huduma tatu, usizidishe: ukaguzi wa kulipia unaoishia na mpango wa ukurasa mmoja, kugeuza kipande cha nyasi kuwa tuta la maua ya asili, na matunzo ya kila mwezi. Hayo matunzo ndiyo uyasukume zaidi, maana mteja wa kila mwezi humtafuti tena.

Hatua ya 2: Andika majibu ya hofu, mara moja tu

Weka WhatsApp Business kwenye simu na uhifadhi majibu haya kwenye sehemu ya majibu ya haraka. Yangu yanakaribiana na haya:

*Mbu.* "Maji ya ndege tunayabadilisha mara mbili kwa wiki. Kwenye joto mbu huchukua takriban siku 7 hadi 10 kutoka yai mpaka kuruka, kwa hiyo hafiki huko."

*Nyuki.* "Duniani kuna zaidi ya aina 20,000 za nyuki, na wengi wao huishi peke yao. Hawana mzinga wa kulinda, ndiyo maana ni nadra kuuma."

*Majani yenye matundu.* "Ndege wengi, hata wala mbegu, huwalisha makinda yao wadudu. Ukiua viwavi wote, umewanyima chakula ndege uliowaita."

*Nyoka.* Hapa usiahidi kwamba hatokei, kwa sababu huwezi kulitimiza. Eleza unachofanya: rundo la magogo linakaa mbali na mlango, na nyasi za kando ya njia ni fupi muda wote.

Hofu ya kuonekana mzembe haimalizwi kwa ujumbe, inamalizwa kwa mpangilio. Mtaalamu wa usanifu wa mandhari Joan Nassauer alieleza mwaka 1995 kwamba watu huvumilia mimea iliyojiachia ikiwa imezungushiwa dalili za utunzaji. Kata ukingo wa tuta ulionyooka, fyeka ukanda mwembamba wa nyasi kando ya njia, weka kibao kidogo. Tuta lilelile lililoitwa kichaka litaanza kuitwa bustani. Mimi siachi kazi yoyote ya mbele ya nyumba bila ukingo, hata mteja asipouomba, kwa sababu ukingo huo ndio tangazo langu.

Hatua ya 3: Piga picha huku ukifanya kazi

Chagua alama isiyohama, tuseme kona ya ukuta au jiwe, na usimame hapo kila unapokuja. Picha ya siku ya kwanza, ya miezi mitatu baadaye na ya mwaka mmoja baadaye, zote kutoka alama ileile, zinauza kuliko maelezo yoyote. Futa kioo cha kamera kwanza, vidole vyetu vina udongo. Kwa vipepeo, wahi asubuhi. Mwili wao bado ni wa baridi, hivyo hutandaza mabawa kwenye jua na kutulia, nawe unaweza kusogea taratibu mpaka uone vumbi la rangi kwenye bawa.

Kabla hujataja jina la kiumbe, pitisha picha kwenye iNaturalist, programu ya kutambua viumbe kwa picha. Mteja anayejua ndege akikukamata umekosea jina, atatilia shaka na mengine. Omba ruhusa ya mwenye nyumba, namba ya nyumba isionekane, na kiota chenye mayai usikiposti wala usikate matawi ili kionekane.

Hatua ya 4: Patikana panapotafutwa

Fungua Wasifu wa Biashara kwenye Google. Ni bure. Kama huna ofisi, ficha anwani na utaje maeneo unayofika. Weka ile sentensi yako, picha chache nzuri, na saa ambazo kweli unapokea simu. Tovuti inaweza kusubiri.

Hatua ya 5: Omba maoni mteja akiwa na furaha

Usingoje siku ya kulipwa. Ngoja mteja akutumie picha ya ndege aliyemwona, kisha ujibu: "Nimefurahi sana! Ungeniandikia maneno hayohayo kwenye Google? Kiungo hiki hapa." Usimpe zawadi wala punguzo kwa kuandika, Google inakataza.

Hatua ya 6: Tumia ukuta wa jirani

Wateja wazuri hutoka nyumba za karibu, na safari inakuwa fupi. Mimea mingi ya kudumu inapogawanywa hutoa miche ya ziada. Panda mmoja kwenye kopo, ubandike jina la mmea, kiumbe anayeufuata na namba yako, kisha mpe jirani aliyesimama kutazama. Vipeperushi hutupwa; mche humwagiliwa.

Hatua ya 7: Saa yenyewe

Posti picha moja kwenye stetasi, jibu waliouliza, na umpigie mteja mmoja wa zamani. Wiki chache kabla ya msimu wa kupanda, saa yote iende kwa wa zamani. Matangazo ya kulipia yaache mpaka hizi njia zikauke.

Ratiba ikijaa, badilisha ujumbe wa kiotomatiki utaje mwezi wenye nafasi. Anayesubiri mpe kazi mbili: aache kupuliza dawa, na kona moja ya nyasi asiikate. Siku ya ukaguzi utakuwa na cha kumwonyesha.