Chokaa na Mbolea Hazipikiki Chungu Kimoja

Ndugu mkulima, kabla hujachanganya chochote shambani, fanya jaribio hili mahali penye hewa ya kutosha. Weka punje chache za DAP, ile mbolea ya kupandia, kwenye kizibo cha chupa, nyunyizia juu yake chokaa iliyozimwa, ile ya kupakia kuta, kisha dondoshea maji matone mawili matatu. Usiinamie kizibo, punga hewa kwa mkono ikufikie. Harufu inayochoma pua, ile ya choo kilichokaa bila kumwagiwa maji, ni amonia. Ndani ya amonia hiyo imo naitrojeni uliyoinunua, na sasa inakwenda zake hewani.

DAP ina naitrojeni asilimia 18, yote ikiwa katika umbo la amonia iliyofungwa na tindikali. Chokaa ni alkali: inaifungua ile amonia nayo inatoka kama hewa. Majivu ya kuni yanafanya vivyo hivyo, kwa kuwa nayo ni alkali. Ndiyo maana nasisitiza kila ninapopata nafasi: usimwagie majivu kwenye lundo la samadi ya kuku ukidhani unaiongezea nguvu. Unapata potashi kidogo na kuipoteza naitrojeni, ambayo ndiyo thamani kubwa ya samadi ile.

Urea nayo ina naitrojeni asilimia 46, tena inapotea kwa urahisi zaidi ya nyingine. Ikishalowa, vimeng'enya vilivyomo kwenye udongo huigeuza kuwa amonia ndani ya siku chache. Ukiiacha juu ya ardhi, hasa baada ya manyunyu yasiyotosha kuizamisha, sehemu yake hupeperuka. Ifukie kina cha sentimita 5 hivi, pembeni kidogo ya shina. Na kama shamba limetiwa chokaa karibuni bila kuchanganywa vizuri na udongo, hasara inakuwa kubwa zaidi.

Hapa wengine huamua kuachana na chokaa kabisa, na hilo ni kosa. Chokaa ina kazi yake, ya kupunguza tindikali kwenye udongo, ila ina wakati wake.

Ukali wa tindikali hupimwa kwa pH, kipimo kilichobuniwa na Mdenmaki Søren Sørensen mwaka 1909. Kwa kawaida huanzia 0 hadi 14: 7 ni katikati, chini yake ni tindikali, juu yake ni alkali. Jambo linalowapita wengi ni kwamba kila hatua moja ni mara kumi. Udongo wa pH 5 una tindikali mara 10 kuliko wa pH 6, na mara 100 kuliko wa pH 7. Kwa hiyo ukisoma kwenye majibu ya maabara kwamba shamba limeshuka kutoka 6.2 hadi 5.2, usiseme ni pointi moja tu.

Udongo ukishuka chini ya 5.5, aluminiamu iliyokuwa imetulia kwenye chembe za udongo huanza kuyeyuka na kuumiza ncha za mizizi. Ng'oa mche uone: mizizi mifupi, minene, isiyo na vijimizizi vya pembeni. Fosforasi nayo hushikwa na chuma na aluminiamu, mmea ukabaki na njaa ilhali mbolea umeweka. Bakteria wa vinundu vya maharage huzorota. Chai peke yake, na mazao machache mengine, ndiyo hufurahia udongo wa namna hiyo.

Mvua nyingi huchangia tindikali kwa kuichukua kalsiamu na magnesiamu, lakini mbolea zenyewe pia zimo. Bakteria wanapogeuza amonia kuwa naitreti, hutoa tindikali. Urea na DAP msimu baada ya msimu bila kupima udongo hulishusha shamba polepole.

Sasa chokaa yenyewe. Chokaa ya kilimo ni mawe ya chokaa yaliyosagwa. Chukua kijiko kimoja, dondoshea siki: ikifoka mapovu, hiyo ni kaboneti, na mapovu ni kaboni dayoksaidi. Dolomaiti, yaani mawe ya chokaa yenye magnesiamu, hufoka taratibu, isipokuwa imesagwa laini sana. Jasi haifoki, na ingawa ni nyeupe na ina kalsiamu, haipandishi pH. Chokaa iliyozimwa nayo haifoki sana, lakini hiyo inafanya kazi. Kuitofautisha na jasi, tia kidogo kwenye maji ya kabichi nyekundu iliyochemshwa: chokaa iliyozimwa huyageuza kijani, jasi huyaacha na rangi ya zambarau. Chokaa iliyochomwa ambayo bado haijazimwa kwa maji isiguswe kwa mikono yenye maji, maana ikikutana na maji hutoa joto kali la kuunguza.

Pendelea iliyosagwa laini kama unga, itandaze miezi miwili au mitatu kabla ya kupanda, ichanganye na udongo hadi sentimita 15 au 20. Kiasi kitokane na kipimo cha maabara. Udongo wa mfinyanzi unahitaji chokaa nyingi kuliko wa kichanga hata pH ikiwa sawa, na ukizidisha, mimea inakosa zinki na chuma.

Kuna mahali pamoja ambapo chokaa na tindikali zinatakiwa zikutane kwenye ndoo moja: dawa ya ukungu ya mrututu (chumvi ya shaba ya rangi ya buluu, yenye tindikali), inayotumika kwenye mizabibu tangu Ufaransa ya miaka ya 1880. Mrututu peke yake huunguza majani. Chokaa iliyozimwa ndiyo inayoupoza. Vaa glavu, tumia ndoo za plastiki tu. Yeyusha mrututu kwenye ndoo moja na chokaa kwenye nyingine, kisha mimina mrututu ndani ya chokaa huku ukikoroga. Halafu tumbukiza msumari wa chuma uliong'arishwa kwa dakika moja. Ukitoka na utando mwekundu wa shaba, chokaa haijatosha: ongeza, koroga, jaribu tena kwa msumari mwingine. Ukitoka ulivyoingia, nyunyizia siku hiyohiyo, kwa kuwa mchanganyiko ukilala hupoteza uwezo wa kushika kwenye majani.