Kuhamisha Vyeti vya Dawa Kutoka Karatasi Kwenda Kompyuta Katika Kituo cha Afya

Mganga mfawidhi anayetaka kuachana na vyeti vya dawa vya karatasi aanzie dirisha la dawa, si chumba cha daktari. Mfumo wa kompyuta kama GoTHOMIS, unaotumika katika vituo vya umma nchini Tanzania, hauwezi kumwonyesha daktari dawa zilizopo ikiwa salio la kwenye kompyuta halilingani na kilichomo rafuni. Kwa hiyo stoo na dirisha vihesabiwe upya kabla ya siku ya kwanza, na mzigo wa Bohari ya Dawa, yaani bohari ya serikali inayosambaza dawa, uingizwe siku hiyohiyo unapopokelewa. Vinginevyo daktari ataambiwa amoksilini imekwisha ilhali makasha yamepangwa sakafuni, naye atarudia kalamu yake.

Hatua inayofuata ndiyo yenye hatari zaidi, nayo ni kupanga orodha ya dawa ambamo daktari huchagua kwenye kompyuta. Mwandiko mbaya humtia mfamasia shaka, na mwenye shaka huuliza. Jina lililochapwa vizuri halimshtui mtu hata likiwa silo. Daktari akiandika herufi "pr" pekee, prednisoloni na propranololi, dawa za magonjwa tofauti, hujitokeza pamoja, na kidole kilichochoka huchagua yoyote. Mtaalamu wa mfumo aombwe orodha isifunguke kabla ya herufi nne, na dawa ambazo kituo hakitoi ziondolewe.

Uzito wa mtoto nao uwe wa lazima kujazwa. Kwa vidonge vya kawaida vya dawa mseto ya malaria, ALu, mtoto wa kilo 14 hupewa kidonge 1 kwa dozi, mara mbili kwa siku, kwa siku 3, lakini akifika kilo 15 hupewa 2, kwa hiyo kukadiria kwa macho hakutoshi.

Kila mtumishi awe na nywila yake. Daktari akiacha akaunti wazi na mwenzake akaitumia, mfamasia mwenye swali atampigia simu mwenye akaunti, asiyemjua mgonjwa.

Umeme utakatika. Vitabu vya vyeti vyenye namba vibaki mezani, na atajwe mtu wa kuingiza vyeti hivyo kwenye mfumo kabla zamu haijaisha. Karatasi itahitajika pia kwa mgonjwa anayekosa dawa kituoni, kwa sababu duka la dawa la mtaani halioni kilichomo kwenye kompyuta ya daktari. Printa na wino wake viwekwe kwenye bajeti tangu mwanzo.