Kabla hamjaufanya mtaa wenu njia moja

Nimekuwa mjumbe wa serikali ya mtaa huku Temeke, Dar es Salaam, na hakuna kazi iliyoniletea maneno kama kile kibarabara cha mbele ya shule ya msingi. Asubuhi magari mawili yanakutana katikati, hakuna anayekubali kurudi nyuma, watoto wanapenya kati ya bampa na bampa. Kama na nyie mmefika hapo na mnataka njia moja, anzeni kwa kuuliza barabara ni ya nani. Barabara kuu na za mkoa ziko TANROADS, wakala wa barabara wa taifa. Za mitaani kwa kawaida ni za TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini ulioanza mwaka 2017. Msikisie, mtendaji wa mtaa anajua. Barua ikienda kusiko kwake mtangoja mpaka masika yapite.

Halafu hesabuni. Tuliweka makopo mawili ya rangi barazani kwa fundi cherehani. Chombo kikiingia, kizibo cha soda kinadondoshwa kopo hili. Kikitoka, kopo lile. Siku tatu za shule, saa kumi na mbili na nusu hadi saa mbili asubuhi. Kopo la kuingia likajaa, la kutoka halikufika nusu. Waliokuwa wanabisha wakachungulia makopo, wakanyamaza.

Kwenye mkutano ndipo tulipoharibu. Tuliuitisha Jumamosi saa kumi jioni, wakaja wenye nyumba peke yao. Tukapiga kura, muhtasari ukagongwa mhuri, na Jumatatu kijiwe kizima cha bajaji kikatujia juu: nani aliwauliza wao? Walikuwa na haki. Tukaanza upya, safari hii tukiwafuata watu walipo: kijiweni saa nne asubuhi abiria wakishapungua, kwa mama ntilie kabla hajapakua, kwa mzee anayetumia kiti cha magurudumu, ambaye hakuna aliyewahi kumuuliza anavukaje mtaro. Pingamizi liandikeni kama lilivyosemwa. Matusi mnaweza kuyapunguza.

Ubishi mkubwa ulikuwa magari yaingilie wapi. Wengi tulitaka yaingilie upande wa soko kwa kuwa ni karibu. Muuza vitumbua wa getini akauliza, "Mtoto akishuka kwenye basi la shule, anashukia upande gani?" Kimya. Kwetu tunaendesha kushoto na milango ya mabasi iko kushoto. Wakiingilia sokoni, geti linakuwa kulia, mtoto lazima akatize barabara. Wakiingilia upande wa msikiti, anashuka getini kabisa. Kura ikageuka palepale, na mimi nikiwemo.

Msikimbilie zege. Ombeni ruhusa ya majaribio kwa wenye barabara na trafiki, muweke vitu vinavyosogezeka. Sisi tulipaka chokaa matairi chakavu, tukayapanga kwenye kona kwa wiki mbili ili magari yakate kona polepole. Siku ya tatu boza la maji likakwama, mkia upande huu, kichwa kwenye ukuta wa mtu, na foleni ikafika barabara ya lami. Tukasogeza matairi hatua nne. Kwa hiyo kona yoyote ipimeni kwa boza na gari la taka. Na yale matuta ya udongo ya kumwaga wenyewe usiku achaneni nayo. Wa kwanza kuanguka ni kijana wa bodaboda aliyepita hapo jana, tuta likiwa bado halipo.

Barua ya maombi pitisheni kwa mtendaji wa mtaa na wa kata. Iwe na muhtasari uliosainiwa, orodha ya mahudhurio, hesabu ya vizibo, na mchoro unaoonyesha geti, nguzo za umeme na mitaro. Diwani apewe nakala, alisemee kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata.

Vibao vikishasimama ncha zote mbili, wekeni mtu pale mdomoni mwa barabara asubuhi kwa wiki kadhaa, maana mazoea yana taabu. Bajaji ya kwanza kurudishwa kwa kuingia kinyume ilikuwa imenibeba mimi, na kikapu changu cha soko. Nililipa, nikashuka, nikamalizia kwa mguu huku kijiwe kikinipigia makofi.