Bagi ya rimoti yakupindukia kona? Shika shoki kwanza, pesa iache mfukoni

Ukiona bagi yako, kile kigari cha rimoti cha kukimbizia mchangani, yaingia kona halafu mkia unakuja mbele, ama pua inakataa kukata na gari yaenda moja kwa moja mpaka miguuni mwa watu, akili yote inakimbilia kununua. Mota kali, servo mpya ya kugeuza tairi, springi za rangi rangi. Yakhe, tulia kwanza. Mimi nilipita huko, nikamaliza pesa za miezi miwili na gari ikabaki vilevile, manake shida ilikuwa oili ya shoki, ile mitungi inayomeza mitikisiko, imekuwa kama maji, na mkono mmoja wa nyuma unaobeba gurudumu umeshikwa na vumbi hautaki kushuka. Basi. Vitu vya kurekebisha jioni moja sebuleni.

Hapa naongelea bagi ya 1/10, yaani moja ya kumi ya gari la kweli, ile ya umeme inayosukumwa na tairi za nyuma peke yake, kwa sababu ndiyo sumbufu kuliko zote. Kama yako inavuta nne zote ama ni ile kubwa ya 1/8, njia ni hiihii ila namba zangu usizichukue, fuata kitabu cha gari yako. Na sisi twacheza Kisauni hapa Mombasa, kiwanja cha mtaani, juu mchanga na changarawe, chini jiwe la matumbawe, na lile vumbi lake jeupe laini kama unga, likiingia mahali halitoki kwa kupuliza na mdomo.

Kabla hujagusa chochote rudisha kila kitu kama kitabu kinavyosema, hata kama wahisi wajua zaidi ya kitabu. Halafu toa shoki zote nne upande wa chini, ziache zining'inie, na shika mkono wa gari mmoja mmoja, uinue mpaka juu, uachilie. Unatakiwa uanguke wenyewe kwa uzito wake, pap, bila kusitasita. Ukishuka polepole kama mzee anashuka ngazi, pini inayoushikilia imepinda ama kuna vumbi mle ndani, na hapo hakuna setapu duniani itakusaidia, manake shoki inafanya kazi ya kupigana na mkono badala ya kupigana na shimo. Chomoa pini, ibingirishe juu ya kioo cha meza uone kama inacheza, ipanguse na kitambaa kikavu, irudishe. Usitie oili wala grisi! Najua mkono unawasha kutia, lakini huku kwetu oili kwenye pini ni gundi ya vumbi, ukishamaliza betri mbili ushatengeneza msasa.

Sasa shoki zenyewe. Oili yake ni ya silikoni na uzito wake unapimwa kwa cSt, namba ikiwa kubwa oili ni nzito. Chupa zingine zimeandikwa 30 ama 35 tu, hapo kuwa macho, 30 ya kampuni hii si lazima iwe sawa na 30 ya kampuni ile, kwa hiyo angalia cSt kama imeandikwa. Na kitu ambacho watu wanasahau ni joto. Oili ikipata joto inalainika, na setapu nyingi utakazokuta mtandaoni ni za mtu anakimbiza gari juu ya zulia ama nyasi bandia huko Uingereza, kuna kibaridi, hana vumbi, hana jua la Februari la digrii 32 likimpiga kichwani. Ukinakili yake neno kwa neno gari yako itadunda kama mpira. Mimi naanza na 400 mbele na 350 nyuma, na mchana wa kaskazi nikijua tutacheza saa nane napandisha zote mbili kwa 50. Asubuhi saa moja oili hiyohiyo itakuwa nzito kidogo, gari itajisikia kavu, si ati imeharibika, ngoja ipate moto.

Na tafadhali usinitilie oili ya pikipiki. Kuna kijana wa mjomba wangu alichukua ya shoki za bodaboda, akasema oili ni oili. Ile ni ya petroli, oringi za silikoni, yale mapete ya kuzuia kuvuja, zikavimba, shafti, ile fimbo ya chuma, ikakaza, wiki ya pili zote nne zikawa zavuja. Alinunua oringi mpya na oili mpya, ghali kuliko chupa aliyokuwa aikimbia.

Kujaza shoki ndipo watu wanapokimbia haraka, na ndipo gari inapoharibikia. Isimamishe, shafti ikiangalia chini na imevutwa mpaka mwisho, mimina oili karibu na mdomo. Sasa sukuma shafti juu chini polepole sana, sio kupampu kama mtu anajaza upepo baiskeli, utaona viputo vidogo vinapanda kimoja kimoja. Ukiharakisha unavikata kile kimoja kinakuwa kumi. Iache imesimama dakika kumi, nenda katengeneze chai, rudi uangalie. Hakuna kiputo? Ongeza tone, sukuma shafti mpaka nusu, funika kifuniko ukikilaza kutoka upande mmoja ili oili ya ziada imwagike badala ya hewa kubaki. Kitabu cha shoki yako kikisema shafti iingie yote basi fuata hicho, zinatofautiana. Halafu iweke sikioni uisukume. Ikilia kwich kwich kuna hewa, fungua urudie. Mwisho shika ya kushoto na ya kulia zikiangaliana, zikandamize pamoja vichwa kwa vichwa, zote zitembee sawa na zirudi sawa. Moja ikirudi haraka kuliko nyingine gari itakuwa yakata kushoto vizuri na kulia vibaya na utalaumu usukani mpaka mwaka uishe.

Zifunge, tia betri, na ipandishe gari kama sentimita 30 kutoka sakafuni uiachie. Yatakiwa itue, tumbo liguse chini kidogo tu, na ibaki palepale. Ikitua ikaruka tena, oili ni nyepesi ama springi ni ngumu. Ikitua puu kama jiwe na tumbo limepiga kwa nguvu, springi imelegea ama oili haitoshi. Huu mtihani niufanyavyo mimi ni barazani, watoto wa jirani wote wamekaa wanangoja ivunjike.

Urefu kutoka chini: iachie tena kutoka sentimita 15 hivi, acha ikae, pima chini ya chasi. Kwa kiwanja chetu chenye mabonde mimi niko milimita 25, mbele na nyuma, na sina kifaa cha kupimia, nina kijiti nilichokata kwa rula, kikipita kwa kugusa niko sawa. Uwanja ukiwa tambarare mgumu shusha mpaka 22. Ukiwa chini sana mawe yale yatakuchuna tumbo, ukiwa juu sana kona ya kwanza unaangalia magurudumu yakizunguka angani.

Springi sasa, na hii kanuni ishike: upande uliolainika ndio unaoshika ardhi zaidi. Mkia unatupa? Lainisha nyuma ama kaza mbele. Pua haikati? Lainisha mbele. Hubadilishi zote mbili kwa mara moja, chagua moja.

Watu wote wa rimoti watakwambia tairi ndiyo kila kitu na kwa kweli sibishi, ila tairi ya pesa nyingi juu ya shoki yenye hewa ni kumvalisha maiti koti. Kwenye vumbi na mchanga uliolegea chukua zenye pini, yaani meno ya mpira, ndefu zilizoachana, zichimbe. Uwanja ukifagiwa ukabaki mgumu pini ndefu zinainama na gari yaogelea, hapo chukua pini fupi zilizosongamana. Tairi ya mbele iliyoisha kingo ndiyo sababu kubwa ya pua kukataa, ipitishie kidole ukingo wa nje, ukihisi pini zimekuwa duara hizo peleka kwa mtoto achezee. Hakikisha gundi imeshika rimu mzunguko mzima na sponji ya ndani haijajikunja upande mmoja.

Kuinama kwa tairi, ile wanaita kemba: juu iingie ndani kidogo, digrii 1 mpaka 1.5, usizidishe. Simu yako ina kipimo cha pembe, iegemeze kwenye tairi gari ikiwa juu ya meza iliyonyooka. Tairi za nyuma bagi nyingi zinatoka kiwandani zimeangalia ndani kama digrii 3, hizo usiziguse, ndizo zinazozuia mkia usitembee. Za mbele ziwe zimenyooka, ama zimefunguka nje digrii 1 ukitaka ikate haraka mwanzo wa kona.

Uzito: betri ikirudi nyuma gari yapata kushika ikiondoka, ikija mbele yapata kukata. Kwa uwanja uliolegea irudishe. Na kama bado mkia ni mwepesi, nenda kwa fundi wa tairi umuombe zile risasi za kubalansi wili, gramu 20 ama 30, uzibandike nyuma katikati, sawasawa kushoto na kulia. Fundi wangu alicheka mpaka akakaa chini, "Sheikh, hii yako nayo yahitaji kubalansiwa?" lakini alinipa bure.

Slipa, yaani klachi ndogo ya kwenye giaboksi, ikikazwa sana gari ikiondoka inachimba na kugeuka, na gia zinakula. Ikilegea sana inaungua. Weka gari chini, bonyeza trota, ile ya kuongezea mwendo kwenye rimoti, ghafla, usikie inalia kwa kuteleza kama futi moja ama mbili halafu ishike. Kwa difu ya gia, ile inayogawa nguvu kwa tairi mbili za nyuma, oili nzito inasukuma sawa ikitoka kona lakini kuingia inakuwa ngumu, nyepesi ni kinyume. Mimi niko oili ya cSt 5,000 na sijaigusa tangu mwaka jana, kuifungua ni kazi na faida si kubwa kwa mtu bado anagonga kuta.

Kuna na rimoti yenyewe. Punguza pembe ya usukani mpaka gari iweze kukata kona kali kuliko zote kwa shida kidogo tu, ukizidisha hapo tairi za mbele zinakuwa breki. Wengi wanaolia mkia unatupa, ukiwaangalia vidole, wabonyeza trota kama kengele ya mlango.

Sasa hili la kubadilisha moja moja. Jumapili moja tulikuwa tushindane na jamaa wa Mtwapa, sisi kwa sisi tu, dau soda. Ijumaa usiku nikabadilisha oili, springi za mbele, tairi, na betri nikaisogeza. Gari ikawa mbaya ajabu, na sikujua nirudishe nini, kila kitu kilikuwa mshukiwa. Nikalipa soda kumi na mbili. Tangu siku hiyo niko na daftari la shule la kurasa 48, naandika tarehe, saa, upepo, uwanja mkavu ama umemwagiwa maji, nimebadilisha nini, gari imefanyaje. Kitu kimoja, mizunguko mitano, andika. Ukiona hakuna tofauti rudisha kama ilivyokuwa, usiache tu ati labda itasaidia baadaye. Upepo nao uandike, manake kusi ikivuma gari ikiruka rampu ina bawa kubwa nyuma na inasukumwa kando, hiyo si shoki wala nini, subiri upepo upungue ama punguza mwendo kabla ya rampu.

Kusafisha tumia brashi kavu ya rangi. Presha ya upepo ya kwa fundi wa pancha ni nzuri kwa chasi lakini usielekeze kwenye beringi, inausukuma mchanga ndani. Na betri ya lipo, ile ya lithiamu, usiikimbize mpaka gari izime, chini ya volti 3 kwa seli unaiua, na usiifungie ndani ya gari iliyopakiwa juani.

Baharini sasa, kwa sababu najua utaenda tu, picha pale ufukwe wa Pirates zinatoka tamu na watoto wanashangilia. Mchanga wa pwani hauna cha kukufundisha kuhusu setapu, tairi zinazama na kila gari yaonekana mbaya. Ukienda, zile beringi za magurudumu zitoe jioni hiyohiyo, zisuuze kwa maji matamu, zikaushe, tone moja la oili nyepesi kila moja. Jioni hiyohiyo, si kesho. Mimi nililala moja kwa moja, nikaja kuzitoa Jumatano, mbili zilikuwa hazizunguki hata kwa koleo.