Somo: Kuutambua na kuuandika mlinganyo wa mstari (soma kabla hujaniuliza)

Assalaam alaykum. Wiki hii peke yake nimeulizwa mara tisa, "Maalim, huu ni wa mstari au si wa mstari?" Kila mmoja nimemwandikia jawabu lilelile. Sasa naliweka hapa mara moja. Kaa na karatasi na kalamu, usisome kwa macho tu.

Hatua ya 1. Tafuta alama ya =. Kama haipo, huo si mlinganyo.

Hatua ya 2. Fungua mabano, kusanya vinavyofanana, ndipo uhukumu. x² + 3x = x² + 12 unatisha kuutazama, lakini ukitoa x² pande zote mbili unabaki na 3x = 12. Wa mstari.

Hatua ya 3. Itazame herufi. Isiwe na kipeo cha pili wala cha tatu, isiwe ndani ya kipeuo (alama ya √), isikae kwenye asili ya sehemu (chini ya mstari wa kugawa), isizidishwe na herufi nyengine. Kwa hiyo x/5 = 2 ni wa mstari, 5/x = 2 sio. y = 2x + 7 ni wa mstari, xy = 6 sio.

Hatua ya 4. Ukitaka kuuandika mwenyewe, kwanza ipe jina namba usiyoijua. Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo nilipoanguka mimi.

Nilikuwa kidato cha pili. Swali lilisema pishi moja ni vibaba vinne, andika mlinganyo wa pishi na vibaba. Mimi mtoto wa Pemba, pishi naijua tangu sijajua kusoma. Mama alikuwa akipima mchele, anajaza kibaba, anapitisha kiganja juu kuufuta uliozidi, anamimina, na mimi nahesabu: moja, mbili, tatu, nne, pishi. Nikaandika p = 4k, nikaendelea na swali jengine kwa raha. Karatasi iliporudi nimekosa, na niliumia muda mrefu, maana niliona nimeandika sentensi kama ilivyo: pishi, ni, nne, vibaba.

Kosa ni kwamba p niliifanya kifupisho cha neno "pishi". Herufi katika aljebra haisimami badala ya kitu, inasimama badala ya namba. p ni idadi ya pishi, k ni idadi ya vibaba. Sasa jaribu kwa mchele wenyewe. Pishi 3 zina vibaba 12. Ukiziweka kwenye p = 4k unapata 3 = 4 × 12, yaani 3 ni sawa na 48. Ulio sahihi ni k = 4p, kwa sababu 12 = 4 × 3. Vibaba ndivyo vingi, kwa hiyo idadi ya pishi ndiyo inayozidishwa mara nne ili ivifikie.

TAHADHARI: kabla ya chochote andika "p = idadi ya pishi", na neno idadi (au bei, au umri, au urefu) lisikosekane. Kisha uingizie mlinganyo wako namba ambazo una hakika nazo, uone kama unasimama.

TAHADHARI nyengine: "toa 5 katika mara tatu ya namba" ni 3x − 5. Usiandike 5 − 3x kwa kuwa 5 imetangulia kutajwa.

Hatua ya 5. Geuza habari iwe mlinganyo. Tuseme mchumaji karafuu analipwa shilingi 2,000 kwa pishi, jioni anakatwa 3,000 za chakula, anaondoka na 25,000. Basi 2000p − 3000 = 25000. Jumlisha 3000 kila upande, gawa kwa 2000, p = 14.

MASWALI

kidato1_wete: Maalim x² + 3 = 10 ni wa mstari? Nataka jawabu tu, kesho nakabidhi.

Maalim: Hatua ya 3.

mzee_hesabu: Umekosea hapo kwenye pishi. Pishi moja ni vibaba vinne, kwa hiyo p = 4k, hata mtoto anajua.

Maalim: Sijakosea, shekhe. Kwa mlinganyo wako, pishi 3 zina robo tatu ya kibaba. Namba nimeziweka, zisome.

mama_chakechake: Maalim, mwanangu kaambiwa x = 4 nao ni wa mstari. Mstari uko wapi na hiyo ni namba moja?

Maalim: Swali zuri sana, bibie. Chora mihimili miwili kwenye karatasi ya miraba, kisha weka nukta zote ambazo x ni 4: (4, 0), (4, 1), (4, 7). y inakuwa chochote, haijakatazwa. Ziunganishe, utaona mstari umesimama wima. Jina limetoka hapo, nukta za mlinganyo wa namna hii hazipindi.

binti_mkoani: Kwani aljebra ni neno la Kiarabu? Na hiyo x katoa nani?

Maalim: Ndiyo, mwanangu. Mwanahesabu Al-Khwarizmi aliiandika Baghdad karibu na mwaka 820, yote kwa maneno, bila alama hata moja. Al-jabr ni kurejesha kilichopungua, hata kuunga mfupa uliovunjika, na mzizi wake ndio wa Al-Jabbar, jina la Mwenyezi Mungu unalolijua kutoka chuo cha Kurani. Ulipojumlisha 3000 kila upande hapo juu, ulifanya jabr. Alama ya = aliianzisha Robert Recorde mwaka 1557, na desturi ya kutumia x, y, z kwa visivyojulikana ni ya Descartes, mwanahesabu wa Ufaransa, 1637.

mchumaji: Lakini pishi ya karafuu na pishi ya mchele uzito wake haulingani.

Maalim: Kweli kabisa, pishi ni kipimo cha ujazo. k = 4p inabaki ileile kwa vyote viwili, ila ukitaka kilo, pima pishi moja ya kila kimoja kwenye mizani. Namba utakayoisoma ndiyo itakayokaa mbele ya p, na kila kimoja kitakuwa na mlinganyo wake.