Somo: Pima athi kabla hujanunua stata

Mafundi wenzangu wa Malindi, kila wiki naulizwa: "Stata yalia tak! halafu kimya, ninunue nyingine?" Stata ni ile mota izungushayo injini iwake, na athi ni waya nyeusi irudishayo umeme kutoka injini hadi nguzo hasi ya betri. Leo naandika mara moja, na wanagenzi wangu wasome hapahapa.

1. Pima betri, gari imezimwa. Iliyojaa yasoma volti 12.6 hivi. Chini ya 12.4, chaji kwanza.

2. Sugua vichwa vya waya vinavyoshika nguzo za betri, kaza.

3. Chomoa fyuzi ya pampu ya mafuta injini isiwake. Gia nyutro, handibreki juu.

4. Hapa ndipo nilipokosea. Nikiwa mwanagenzi niliipima athi kwa mlio wa mita tu. Mita ikapiga piii, nikamwambia mwenye gari athi nzima, stata imekufa. Akanunua. Kesho yake akarudi na tatizo lilelile. Nilipoichana ile waya nyeusi, shaba imekuwa unga wa kijani, zimebaki nyuzi tatu nne. Hizo zatosha mita ilie, lakini stata yataka ampea mia na zaidi. Pesa ya mtu ilipotea kwa mkono wangu. Basi weka mita kwenye volti za DC. Ncha nyekundu kwenye chuma kitupu cha injini, nyeusi kwenye nguzo hasi ya betri yenyewe, si kwenye kichwa cha waya. Mwenzako apige stata sekunde tatu, nawe usome papo hapo. Ikizidi volti 0.2, athi ina ugonjwa.

ONYO: usiache waya ya ncha nyekundu kwenye tundu la 10A la mita, lile la kupimia ampea. Ukigusa betri hivyo ni shoti.

5. Upande wa chanya vilevile, stata ikipigwa: ncha moja kwenye nguzo chanya ya betri, nyingine kwenye skrubu nene ya stata. Isizidi volti 0.5.

MASWALI

— Gari yangu haiwaki, nifanyeje?
Betri yasoma ngapi? Anza hatua ya 1, urudi na namba.

— Nimepata 0.00, mita mbovu?
Stata ilikuwa ikipigwa? Kama haikupigwa, hujapima kitu. Nimeshaandika.

— Fundi, kwa nini tusipime omu tu, yaani ukinzani wa waya?
Swali zuri, mwanangu. Stata ikivuta ampea 150 na waya ikala volti 1, ukinzani wake haufiki omu 0.007. Mita zetu hazioni kidogo hivyo, ila volti 1 zaiona wazi. Jaribu kwenye gari isiyo na tatizo uzoee namba zake.

— Huku Watamu athi zaoza upesi mno.
Ni chumvi ya bahari. Sugua hadi chuma king'ae, kaza bolti, ndipo upake grisi juu yake.

— Na tuktuk?
Njia ni hiyohiyo. Ilete Jumamosi asubuhi, tuifungue pamoja.