Unajiajiri Marekani na Unalea Bila Ndoa: Ya Kuweka Sawa Kabla ya Kumwandika Mtoto kwenye Kodi

Ukisubiri Januari ndipo uanze kutafuta karatasi, umeshachelewa. Msimu wa kodi Marekani hufunguliwa mwishoni mwa Januari na siku ya mwisho ni 15 Aprili. Lakini yanayoamua kama mtoto atakubaliwa kwenye fomu yako hutokea mwaka mzima uliotangulia: analala wapi, barua zake zinaenda anwani ipi, pango analipa nani. Mimi nasuka nywele hapa Columbus, Ohio. Nina binti mmoja, na baba yake hatukuwahi kufunga ndoa. Haya ninayoyaandika nimeyalipia, kwa hiyo yasome ukiwa na kalamu mkononi.

Anza na namba ya Social Security ya mtoto. Iwe imetolewa kabla ya siku ya mwisho ya kuwasilisha, na iwe ile inayoruhusu kufanya kazi. Kwa mwaka wa kodi 2025, nafuu ya mtoto aliye chini ya miaka 17, yaani kiasi unachopunguziwa kwenye kodi, ni dola 2,200, na wewe mzazi pia lazima uwe na namba yako ya Social Security ndipo uipate. Mtoto mwenye ITIN, namba ya kodi ya wasio na namba ya Social Security, huyo anakuletea nafuu ya dola 500 tu. Jina liandike kama lilivyo kwenye kadi, herufi kwa herufi. Sisi wenye majina matatu tunaumia hapa: kwenye kadi jina la babu limekaa mwisho, shuleni wameweka la baba, na kompyuta ya IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, haina habari na ukoo wenu.

Halafu jiulize kama kweli huna ndoa. Usicheke. Ndoa iliyofungwa kihalali nyumbani, iwe ya msikitini, ya kanisani au ya kimila, Marekani inaitambua ikiwa sheria ya kule ilikofungwa inaitambua, na Tanzania na Kenya sheria zao zinazitambua ndoa za kidini na za kimila. Kwa hiyo kama mahari ilitolewa na nikaha ikasomwa Tanga, usijiandike kuwa hujaolewa kwa sababu tu hukupita mahakamani Ohio. Kuna njia kwa mtu mwenye ndoa anayeishi mbali na mwenzake: kama miezi sita ya mwisho ya mwaka hamkuishi nyumba moja, na wewe ndiye uliyelipa zaidi ya nusu ya gharama za nyumba aliyoishi mtoto wako kwa zaidi ya nusu mwaka, unaweza kuhesabiwa kama mkuu wa kaya (head of household). Uliza kabla, usibahatishe.

Ukuu wa kaya wenyewe una uzito. Mwaka 2025 mtu asiye na ndoa anakatiwa dola 15,750 kabla ya kodi ya mapato kuanza kuhesabiwa, mkuu wa kaya dola 23,625. Lakini si cheo cha kila mwenye mtoto. Lazima uwe umelipa zaidi ya nusu ya pango, umeme, chakula cha nyumbani na matengenezo. Tunza risiti.

Sasa kipato, hasa sisi tusiopewa karatasi ya mshahara. Faida yako ya mwaka ikifika dola 400, unawasilisha fomu ya kodi, hata kama hakuna aliyekupa fomu yoyote. Utajaza ile inayoitwa Schedule C, ya mapato na matumizi ya kazi yako, na juu ya kodi ya mapato utalipa kodi ya kujiajiri ya asilimia 15.3, inayokokotolewa kwenye asilimia 92.35 ya faida. Wengi hushtuka hapo, wakaona bora waifiche nusu ya pesa. Kumbuka sehemu ya nafuu ya mtoto inayoweza kurudi mkononi, hadi dola 1,700, hukokotolewa kwa asilimia 15 ya kipato kinachozidi dola 2,500. Nafuu ya kipato cha kazi, ile EITC, nayo inafuata kipato: mwaka 2025 mwenye mtoto mmoja aliweza kufikia dola 4,328. Ukificha, unajinyima. Na ukiongeza uongo juu ili EITC inone, hiyo ni jinai. Matumizi halali ya kazi nayo huwezi kuyaacha makusudi ili faida ionekane kubwa, yaandike yote. Nywele za bandia, mafuta, kiti, maili za gari kwenda kwa mteja kwa senti 70 kila maili mwaka 2025. Nunua daftari: tarehe, mteja, kiasi, amelipaje. Andika siku hiyohiyo.

Lipa pia kodi yako kwa awamu: 15 Aprili, 15 Juni, 15 Septemba na 15 Januari. Usipolipa, deni linaimeza nafuu ya mtoto kabla haijakufikia.

Haya, sasa lile lililonichoma.

Machi 2022 niliondoka kwenye nyumba niliyokuwa nikiishi na baba wa binti yangu. Hatukugombana sana. Nilichukua chumba kwa mama mmoja tunayesali naye, mimi na mtoto, na maisha yakaendelea. Mtoto alilala kwangu siku zote za wiki, Jumamosi akienda kwa baba yake. Pango nalipa mimi, viatu nanunua mimi, homa za usiku naziamkia mimi. Ila kitu kimoja sikukifanya: sikwenda shuleni kubadilisha anwani. Basi lilikuwa likimchukua kituo kilekile, mwalimu alikuwa na simu yangu, nikaona ya nini kuhangaika. Kliniki ya watoto vilevile. Mwaka mzima, kila karatasi yenye jina la binti yangu ilionyesha anaishi kwa baba yake.

Februari 2023 nikatuma fomu zangu kwa kompyuta. Kesho yake zikarudishwa: namba ya mtoto imeshatumika kwenye fomu ya mtu mwingine. Nilimpigia baba yake nikiwa natetemeka. Akaniambia kwa utulivu kabisa kwamba mtu aliyemjazia alimwuliza kama shule ina anwani yake, akasema ndiyo, akajibiwa basi mtoto ni wako, wahi kabla mama hajatuma. Akawahi. Wakamwandika mkuu wa kaya na EITC juu.

Nataka hili ulielewe vizuri, kwa sababu kwenye saluni zetu na vibarazani kwetu linasemwa kila mwaka: anayewahi ndiye mwenye mtoto. Ni uongo. Anayewahi anapata pesa mapema, basi. Sheria inamtazama mtoto alilala kwa nani usiku mwingi zaidi. Usiku zikilingana, mzazi mwenye kipato kikubwa kwenye fomu ndiye anayehesabiwa. Aliyenunua begi la shule au anayempenda zaidi, hawaulizi.

Nilichapisha fomu, nikasaini kwa kalamu, nikazituma kwa posta, kwa sababu wakati ule ndiyo njia iliyobaki. Miezi ikapita. Ikaja barua yenye namba CP87A, ambayo hupelekwa kwa wote wawili: mtoto huyu ameandikwa na watu wawili, aliyekosea arekebishe. Baba yake hakurekebisha, kwa kuwa karatasi zilimwambia yuko sawa. Ikaja ya pili, CP75, ukaguzi. Pesa zimezuiwa, nina siku 30 za kupeleka ushahidi kwamba binti yangu aliishi nami zaidi ya nusu ya mwaka 2022, na kwamba kipato changu cha kusuka ni cha kweli.

Pamoja na barua kulikuwa na orodha, fomu 886-H-EIC. Itafute leo uisome, ipo bure kwenye tovuti ya IRS. Inataka karatasi zenye jina la mtoto, jina lako, anwani moja, na tarehe za mwaka husika. Rekodi za shule, za hospitali, za mahali anapolelewa mtoto, barua ya mwenye nyumba. Mimi nilikuwa na picha kwenye simu. Picha za siku ya kuzaliwa, za theluji, amelala kwenye kochi langu. Nilizituma kwanza, na leo nikikumbuka nahisi uchungu, maana nilidhani mtu akimwona mtoto ataelewa.

Kilichoniokoa ni karatasi nne. Kituo kinachokaa na watoto baada ya shule kilikuwa na anwani yangu mpya, kwa sababu kule nilijisajili upya mwezi wa Aprili. Barua za bima ya afya ya mtoto zilikuwa zinakuja kwangu. Mwenye nyumba aliandika barua iliyosainiwa akitaja majina yetu wawili na tarehe tulizokaa. Na kanisa liliandika kwenye karatasi yenye nembo kwamba mtoto anahudhuria mafundisho ya watoto na anwani yake kwenye daftari lao ni ileile. Barua ya mahali pa ibada inakubalika, hata ya msikiti. Kipato nilikionyesha kwa daftari langu na kumbukumbu za pesa zilizoingia kwa simu, ukurasa kwa ukurasa. Shangazi yangu aliyekuwa akibaki na mtoto jioni alitaka kuandika barua pia, lakini neno la ndugu peke yake halitoshi, lazima lisindikizwe na ushahidi mwingine.

Nililipwa Desemba. Baba yake akadaiwa kurudisha alichopokea, pamoja na riba na adhabu, na alikuwa ameshakituma nyumbani kumalizia paa. Mwaka ule mtoto wetu aliona wazazi wake hawasalimiani. Yote hayo kwa sababu ya dakika kumi za ofisi ya shule ambazo sikuzitoa.

Kwa hiyo wiki ile ile unapohama, kabla hujafungua maboksi: shule, kliniki, bima, kituo cha kulelea watoto, posta. Kwa kila moja omba karatasi inayothibitisha anwani mpya na uiweke kwenye bahasha ya mwaka huo. Kalenda ya ukutani nayo weka alama kila usiku mtoto anapolala kwingine. Akiwa safarini au amelazwa hospitali, usiku huo unahesabiwa kwa mzazi ambaye angekuwa naye.

Kama mnaelewana na mnataka mwenzio amwandike mtoto mwaka fulani, msimalizane kwa mdomo. Mzazi anayeishi na mtoto anasaini fomu 8332. Inampa mwenzio ile nafuu ya mtoto peke yake. EITC, ukuu wa kaya na nafuu ya gharama za malezi haviondoki kwa anayeishi na mtoto. Isaini kwa mwaka mmoja mmoja, usijaze ile sehemu ya miaka yote ijayo. Wanaoishi nyumba moja bila ndoa, yeyote kati yenu anaweza kumwandika, lakini mmoja tu. Kaeni Januari, mpige hesabu pande zote mbili, mwandike mlichokubaliana. Mchumba ambaye si mzazi wa mtoto hawezi kupata ile nafuu ya mtoto wala EITC kwa mtoto wako, hata kama ndiye anayelipa pango.

Kuna wanaompeleka mtoto nyumbani akakae na bibi. Likizo ya miezi miwili haina shida, anahesabiwa yuko kwako. Lakini ukimwandikisha shule Kigoma mwezi wa Februari arudi Novemba, usimwandike kwa EITC mwaka huo. Mtoto lazima awe ameishi nawe ndani ya Marekani zaidi ya nusu mwaka, na mihuri ya pasipoti inasomeka.

Omba namba ya siri ya IRS, IP PIN, yako na ya mtoto. Ni tarakimu sita, hubadilika kila mwaka, na fomu ya kompyuta yenye namba ya mtoto haipokelewi bila hiyo PIN yake. Na siku hizi mzazi mwenye IP PIN yake anaweza kutuma kwa kompyuta hata kama mwingine ameshamwandika mtoto, njia ambayo mimi sikuwa nayo.

Anayekujazia lazima asaini na aweke namba yake ya PTIN, ile IRS inayowapa wanaojaza fomu kwa malipo. Akikataa, beba karatasi zako uondoke. Akikuahidi kiasi kabla hajaona daftari lako, ondoka pia. Akitaka pesa ziingie akaunti yake, usikae hata dakika. Wajazaji wa bure wa VITA, mpango wa IRS wa watu wanaojitolea, wapo kwenye maktaba na makanisa mengi, na wengi wao wanapokea Schedule C ndogo, wapigie kwanza. Ukipata barua ya ukaguzi, kuna kliniki za kodi za watu wa kipato cha chini ambazo mwanasheria wake anakusimamia bure au kwa ada ndogo sana.

Usimkopeshe mtu namba ya mtoto wako, hata dada yako wa tumbo moja. Wakikuta umedanganya makusudi unafungiwa EITC miaka kumi, na kwa uzembe mkubwa miaka miwili. Usijibu simu ya anayedai ni IRS na anataka kadi za zawadi. Usitupe barua yoyote kabla hujaifungua. Pesa za EITC hazitoki kabla ya katikati ya Februari kwa yeyote, kwa hiyo usikope kwa kuzitegemea. Nakala zikae miaka mitatu angalau, si kwenye simu pekee. Na ukihama tena, IRS nao wana fomu yao ya anwani, 8822. Itume siku unayokwenda shuleni.